Shajara ya bendi isiyo na gitaa: kibodi mbili, ngoma na mwimbaji

Hii ni shajara ya kuunda bendi ya panki ya watu wanne, bila gitaa na bila besi ya nyuzi. Naongeza ukurasa kila hatua inapokamilika, ili anayetaka kujaribu asiunguze tulivyounguza sisi. Vifaa vyetu karibu vyote ni vya mtumba, na mtumba hauna bei moja, kwa hiyo gharama nitazitaja kwa muda uliopotea, vitu vilivyoharibika, na kwa kulinganisha kifaa na kifaa.

Januari 9: tulipoanzia

Bendi yetu ya zamani ilivunjika mpiga gitaa alipohama. Tulibaki mwimbaji, mpiga ngoma, na mimi niliyekuwa najazia kibodi nyuma. Wiki hiyo hiyo nilitazama tena video ya Screamers, bendi ya Los Angeles, iliyopigwa San Francisco mwaka 1978. Tomata du Plenty anaimba kwa mwili mzima, K.K. Barrett yuko kwenye ngoma, na kilichobaki ni kibodi mbili: sintesaiza (kibodi inayotengeneza sauti kwa umeme) ya ARP Odyssey na piano ya umeme ya Fender Rhodes iliyopitishwa kwenye distoshini, kifaa cha kukwaruza sauti. Hawakutoa hata santuri moja bendi ikiwa hai. Lakini ukisikia zile kibodi hukumbuki kwamba gitaa halipo, na hilo ndilo nililotaka tulipate.

Kulikuwa na njia nyingine pia. Suicide wa New York, Alan Vega na Martin Rev, walikuwa wawili tu: sauti, ogani na mashine ya midundo. Albamu yao ya kwanza ilitoka 1977. Mwaka uliofuata Daniel Miller, kwa jina la The Normal, alirekodi nyumbani kwake akiwa peke yake na sintesaiza ya Korg 700S na mashine ya kurekodia ya njia nne. Njia hizi ni rahisi zaidi kubeba na hazihitaji chumba kikubwa cha mazoezi. Tulijadiliana jioni nzima. Mwisho tukachagua ngoma za mtu, kwa sababu mpiga ngoma wetu huongeza kasi kidogo wimbo unapokaribia mwisho, na sote tunaipenda tabia hiyo. Mashine isingefanya hivyo.

Lengo: nyimbo 6, kila mmoja chini ya dakika 3, onyesho moja, kisha kurekodi.

Januari 21: vifaa

Amepatikana mwenzangu wa kibodi ya pili. Tuna sintesaiza mbili za analogi za sauti moja moja, kila moja ina osileta mbili, yaani saketi mbili zinazozalisha noti. Pedali mbili za distoshini za gitaa. Amplifaya ya gitaa iliyoachwa na bendi ya zamani. Na amplifaya ya besi ya kuazima. Kibodi zote mbili pamoja zimekula karibu akiba yote. Pedali zilikuwa rahisi.

Februari 4: pedali inakula kila kitu

Siku ya kwanza tulichomeka kibodi kwenye pedali, pedali kwenye amplifaya, tukawasha. Ilitoka sauti ya nyuki kwenye kopo. Nikifungua filta, sehemu ya kibodi inayozuia au kupitisha sauti za juu, nyuki. Nikiifunga, nyuki. Kila nobu niliyozungusha kwenye kibodi haikubadilisha karibu chochote, na kila noti ilikuwa na nguvu ileile kuanzia kuguswa hadi kuachwa. Tulihangaika wikiendi mbili tukidhani pedali ni mbovu. Tukabadilisha betri, tukabadilisha waya, tukaazima pedali nyingine kabisa. Nyuki wale wale.

Kosa lilikuwa kwenye kiwango cha umeme. Pikapu ya gitaa, ile sumaku inayonasa mtetemo wa nyuzi, hutoa sehemu ndogo ya volti, na pedali imetengenezwa kwa kiwango hicho. Sintesaiza hutoa mara kadhaa zaidi ya hapo. Kwa hiyo wimbi lilikuwa linakatwa vichwa juu na chini kabla hata sijagusa nobu ya distoshini, na kila umbo nililotengeneza kwenye kibodi lilikuwa linageuzwa kuwa mraba uleule.

Dawa ni rezista mbili ndani ya kisanduku kidogo kabla ya pedali. Ya 47 kΩ inakaa kwenye njia ya sauti, ya 4.7 kΩ inatoka hapo kwenda ardhi. Sauti inachukuliwa zinapokutana. Kinachotoka ni takriban sehemu moja ya kumi na moja ya kilichoingia, yaani pungufu ya karibu desibeli 21. Kulehemu visanduku viwili kulichukua saa moja, na gharama yake hata haistahili kuandikwa.

Tofauti yake ilinifanya nicheke kwa furaha. Filta ikiwa imefungwa, sauti inanguruma safi. Ukiifungua taratibu, inafika mahali inaanza kuraruka, na mahali hapo unapachagua wewe kwa mkono. Yaani filta imekuwa nobu ya hasira.

Februari 12: noti mbili lazima zisagwe pamoja

Tulitaka ile kodi (noti zinazolia pamoja) nzito ya panki: noti ya mzizi, yaani ya msingi, na ya tano yake. Kwa kuwa kila kibodi inapiga noti moja moja, tuligawana: mimi napiga mzizi, mwenzangu anapiga ya tano, kila mtu kwenye pedali yake. Noti zilikuwa sahihi kabisa na hazikuwa na uzito wowote. Zilisikika kama watu wawili wanaopiga vitu viwili.

Nilikaa na hili siku nne. Jibu ni kwamba uzito wa kodi ya gitaa unazaliwa ndani ya distoshini yenyewe. Noti mbili zikiingia kwenye pedali moja kwa wakati mmoja, pedali inazichanganya na kutengeneza masafa ambayo hakuna aliyeyapiga. Mzizi wa 110 Hz (mitetemo 110 kwa sekunde) na ya tano yake ya 165 Hz huzaa tofauti yao, 55 Hz, ambayo ni oktavu nzima chini ya mzizi. Ule mngurumo wa chini ambao watu husema ni wa gitaa unatoka hapo. Sisi tulikuwa tumezitenganisha noti kabla hazijakutana, kila moja na pedali yake, kwa hiyo hapakuwa na cha kuzaliwa.

Sasa kila kibodi inapiga kodi yake peke yake. Osileta ya pili imepandishwa nusu toni 7 juu ya ya kwanza, kwa hiyo kidole kimoja kinatoa mzizi na ya tano zikiwa tayari zimechanganyika kabla ya pedali. Mabadiliko haya hayakutugharimu hata senti, na ndiyo makubwa kuliko yote mpaka sasa.

Jambo dogo linaloleta tofauti kubwa: usiiweke osileta ya pili kwa kutazama tyuna, kile kifaa cha kupimia noti. Ya tano ya kwenye piano ni pungufu kidogo ya uwiano halisi wa 3 kwa 2. Juu ya 110 Hz inatoka 164.81 badala ya 165. Ni kidogo sana, lakini distoshini huikuza, na unasikia kodi inayumba taratibu kama mashua iliyofungwa gatini. Zungusha nobu kwa sikio mpaka kuyumba kuishe.

Tulijaribu pia kuongeza noti ya tatu ili kodi iwe na furaha au huzuni. Achana nayo. Tatu kubwa ya piano juu ya 220 Hz ni 277.18 Hz, na tofauti yao ni 57.18 badala ya 55. Hiyo si noti ya wimbo wowote, ni uchafu chini ya miguu. Furaha na huzuni tumemwachia mwimbaji.

Februari 25: spika imechanika

Wimbo wa pili una sehemu ambapo nashuka hadi E ya chini kabisa, 41 Hz, na kuishikilia. Tuliipiga kwa sauti ya juu mara tatu. Mara ya tatu spika ya gitaa ilitoa mlio wa karatasi, kisha ikaanza kupiga kelele kwa kila noti. Nilipoiangalia kwa tochi, koni ilikuwa imepasuka karibu na ukingo, mpasuko wa urefu wa kidole.

Nilijilaumu, kwa sababu sababu ilikuwa wazi ukiifikiria. Noti ya chini kabisa ya gitaa la kawaida ni 82 Hz, na spika zake zimetengenezwa kwa kuanzia maeneo hayo hadi karibu 5,000 Hz. Chini ya hapo koni inalazimika kwenda mbele na nyuma umbali ambao haikupangiwa. Pia uzi wa gitaa ukishapigwa huanza kufifia papo hapo. Noti ya sintesaiza haifi mpaka uinue kidole. Spika ilikuwa inapokea nguvu kamili bila pumziko.

Gharama: spika mpya, ambayo ilizidi bei ya pedali zote mbili, na wiki mbili bila mazoezi ya sauti kubwa.

Tumegawana kazi sasa. Kibodi ya mwenzangu inashika chini yote na inapita kwenye amplifaya ya besi. Ya kwangu inabaki juu, na baada ya pedali nimeweka kapasita moja ya 2.2 nF kwenye njia ya sauti. Kwa amplifaya yenye ingizo la 1 MΩ, hiyo inaanza kukata chini ya takriban 72 Hz. Inapunguza kidogo ule mngurumo wa 55 niliousifia juu, lakini mwenzangu anaurudisha kwa upande wake.

Usishawishike kuiacha amplifaya ya gitaa na kupeleka kila kitu kwenye spika pana za ukumbini. Tulijaribu. Distoshini ikipita kwenye spika inayofika juu kabisa inakuwa mchanga mtupu masikioni. Ile spika ya gitaa isiyofika mbali ndiyo inayoufanya mkwaruzo uvumilike.

(Nyongeza, Machi 2: tunaweka maikrofoni mbele ya spika ya gitaa na kupeleka ukumbini kinachotoka hapo. Inafanya kazi.)

Machi 17: mkono wa kupiga

Hatua hii imechukua muda mrefu kuliko zote.

Panki ya haraka inaishi kwenye mkono wa kulia wa mpiga gitaa, juu chini juu chini. Kwa midundo 180 kwa dakika, kila nusu mdundo ni milisekunde 167. Nilipojaribu kufanya hivyo kwa vidole, nusu ya noti zilipotea. Kibodi yangu haiwashi upya envelopu, sehemu inayoamua noti inavyoanza na kuisha, kama kidole cha pili kimeshuka kabla ya cha kwanza kuinuka, kwa hiyo nilipokimbia vidole vilipishana na sauti ikawa inateleza badala ya kupiga. Mazoezi yalisaidia kwa nyimbo za taratibu. Kwa zile za haraka mkono ulikufa ganzi wimbo haujafika nusu.

Jaribio la kwanza: kuiachia mashine. Osileta ya polepole ya kibodi, kwa umbo la mraba, ikiwekwa 6 Hz inakata sauti mara sita kwa sekunde, ambayo ni sawasawa na hizo nusu midundo za 180. Kwa sekunde kumi ilikuwa tamu. Kisha mpiga ngoma akaongeza kasi kama kawaida yake, kibodi ikabaki pale pale, na wimbo ukavunjika vipande viwili. Tukamwomba aifuate kibodi. Aliweza, lakini alipiga kama mtu anayetembea juu ya mayai, na sisi tulimtaka yeye kwa sababu ya uhuru wake. Tuliacha baada ya mazoezi matatu.

Jaribio la pili ndilo lililobaki: ngoma ziiamuru kibodi. Kidude cha pizo, kile kisahani chembamba cha shaba kinachotoa umeme kikitikiswa, kimebandikwa kwenye ngozi ya ngoma kubwa. Kinaingia kwenye kisanduku cha triga, na kila teke linatoa mpigo wa volti 5 kwenda kwenye kibodi. Mimi nashikilia kodi tu. Ngoma ndiyo inayoifungua na kuifunga.

Mambo matatu yaligoma hapa.

Kwanza, kibodi haikuitikia kabisa. Tulipima mpigo kwa mita, upo. Ilibidi nisome kitabu cha kibodi mstari kwa mstari kugundua kwamba jeki yake ya triga haitaki volti. Inataka iunganishwe na ardhi. Korg MS-20 ya 1978 ilikuwa hivyo, na kibodi kadhaa zimefuata mfumo huo. Dawa ni transista moja ya NPN, sisi tumetumia BC547: mpigo unaingia beisi kupitia rezista ya 10 kΩ, emita inakwenda ardhi, kolekta inakwenda kwenye jeki. Mpigo ukija, transista inaiunganisha jeki na ardhi, kibodi inalia. Kama umenunua kibodi ya zamani, angalia hili kabla ya lingine lolote. Lilitula siku tisa.

Pili, teke moja lilitoa kodi mbili, kwa sababu ngozi huendelea kutetemeka baada ya kupigwa. Kisanduku kina nobu ya kupuuza mipigo inayofuatana. Tumeiweka milisekunde 80: ndefu ya kumaliza mtetemo, fupi ya kutosha kabla ya teke linalofuata.

Tatu, tulitaka kisahani kingine kwenye matoazi ya mguu, maana ndiyo yanayopiga nusu midundo zote. Matoazi yanalia muda mrefu mno, triga ilichanganyikiwa, tukaacha. Kisahani cha pili kiko kwenye ngoma ya snea. Kodi zangu sasa zinafuata teke na snea; nusu midundo za mfululizo anazipiga mwenzangu kwa mkono kwenye besi, vidole viwili vya mikono tofauti, akihakikisha kimoja kimeinuka kabla kingine hakijashuka.

Siku ya kwanza ilipofanya kazi, mpiga ngoma alipiga teke moja, kodi ikaruka chumbani, akasimama na kutazama mguu wake. Akapiga tena. Kisha akapiga dakika ishirini bila kusimama, na mimi nilikuwa nabadilisha kodi tu na kumfuata popote alipokwenda. Mwisho wa wimbo alikimbia, na kibodi ikakimbia naye.

Machi 31: mvumo

Tulipounganisha kibodi, kisanduku cha triga na miksa pamoja, ulitokea mvumo mzito usiokwisha. Ulikuwa mzunguko wa ardhi: vifaa vimeungana kwa waya wa sauti na pia kwa waya wa umeme wa ukutani, na umeme unazunguka baina yao. Mtu alitushauri tukate pini ya ardhi kwenye plagi. Msifanye hivyo hata siku moja. Pini hiyo ndiyo inayomlinda mwimbaji anayeshika maikrofoni ya chuma kwa mkono uliolowa jasho. Kisanduku chenye transfoma ya kutenganisha, kimoja kwa kila kibodi inayokwenda kwenye miksa, kilimaliza tatizo.

Aprili 14: kumwachia mwimbaji nafasi

Nyimbo nne zimeshika. Lakini katika rekodi ya mazoezi ya simu maneno hayasikiki. Kibodi yenye distoshini inajaza kila kona, pamoja na eneo la 2,000 hadi 4,000 Hz ambako konsonanti za mwimbaji zinaishi. Tulimwongeza sauti, maikrofoni ikapiga mluzi. Akapiga kelele zaidi, koo likauma siku mbili.

Nilirudi kwenye video ya Screamers nikahesabu kibodi zinanyamaza mara ngapi. Mara nyingi kuliko nilivyokumbuka. Nimeweka pedali ya mguu inayosukuma filta: akianza ubeti naifunga mpaka ibaki nguruma ya chini, akimaliza mstari naifungua kwa nguvu. Kwa nyimbo mbili tumeandika upya kabisa, kibodi inajibu mstari badala ya kuufunika. Pia nimegundua kwamba kelele inayokuja baada ya kunyamaza inasikika kubwa zaidi kuliko kelele ya mfululizo, hata kama mita inasema ni ileile.

Mei 5: onyesho

Nyimbo 5, dakika 13, watu wachache.

Kosa moja kubwa. Tulijaribu sauti saa kumi jioni, tukazima kila kitu, tukapanda saa tatu usiku. Osileta za analogi hubadilika joto linapopanda. Zinahitaji karibu nusu saa zikiwa zimewashwa ndipo zitulie. Tulianza zikiwa baridi, chini ya taa za jukwaani, na katikati ya wimbo wa pili kibodi zetu mbili hazikuwa tena kwenye noti moja. Mwenzangu alinitazama, nikaona amesikia. Nilisogeza nobu ya tyuni kwa mkono wa kushoto wimbo ukiendelea. Ulifika mahali pake kwenye kiitikio cha mwisho.

Kuanzia sasa kibodi haizimwi kati ya majaribio na onyesho, na nimeongeza tyuna yenye kitufe cha kunyamazisha ili nirekebishe kati ya nyimbo bila watu kusikia.

Mtu mmoja alikuja baadaye kuuliza gitaa lilifichwa wapi. Nilimwonyesha kisahani cha pizo kilichobandikwa kwa gundi ya karatasi kwenye ngoma, na aliinama kukiangalia muda mrefu.

Mei 27: kurekodi

Tumerekodi nyimbo tano kwa siku mbili, wote wanne pamoja ndani ya chumba kimoja, kwa sababu triga inahitaji ngoma na kibodi ziwe zinatokea kwa wakati mmoja. Nilijaribu kurekodi ngoma kwanza halafu kuipeleka sauti ya teke kwenye kisanduku baadaye. Inawezekana, lakini maikrofoni ya teke iliokota pia snea, na kodi zikawa zinatokea mahali ambapo hazikupigwa. Ukitaka kufanya hivyo, rekodi kisahani cha pizo kwenye njia yake peke yake.

Jambo lililotusaidia sana ni kurekodi pia kibodi ikiwa safi, kabla ya rezista na pedali. Kwa wimbo wa tatu nilikuwa nimefungua filta kupita kiasi. Tuliichukua ile sauti safi, nikaifunga filta ya kibodi ya pili kidogo, nikaipitisha sauti humo, kisha kwenye pedali na amplifaya, tukairekodi upya. Saa moja, badala ya kurudia wimbo mzima.

Wimbo wa sita bado. Una sehemu ambapo kibodi zote mbili zinapaswa kulia zenyewe kama gitaa lililoegemezwa kwenye amplifaya. Kwa sasa natoa sauti kwenye jeki ya hedifoni na kuirudisha kwenye ingizo la nje la kibodi hiyo hiyo. Sauti ikiwa chini inanguruma kama mnyama. Nikipandisha nobu kidogo tu inalia mpaka mwimbaji anaziba masikio. Kati ya hizo mbili kuna mahali padogo sana, upana wa unywele kwenye nobu, ambapo noti inapanda yenyewe polepole na kukaa. Nimepapata mara mbili. Nimepaka alama ya kalamu nyeupe.